Kasri Lisilokuwapo: Tervuren, Bustani Zake na Lugha Zetu

Kiswahili hakikukosa maneno ya kutajia majumba ya watawala. Tunalo kasri, tunayo husuni, tunayo ngome, tunalo boma; na tunalo gereza, ambalo kabla ya kuwa mahali pa kufungia wahalifu lilikuwa jina la ngome, kama wanavyoshuhudia mpaka leo watu wa Kilwa Kisiwani. Kila moja kati ya maneno haya limebeba safari yake. Husuni ni la Kiarabu, na Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, ndiyo iliyolihifadhi neno hilo vizuri zaidi kuliko kamusi yoyote. Gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, kwa kuwa Wareno walikuwa na desturi ya kutia kanisa ndani ya ngome zao. Kasri nalo tumelipata kwa Waarabu, lakini Waarabu wenyewe walilipokea, kwa njia ya mzunguko, kutoka neno la Kilatini castrum, yaani kambi ya askari. Maadamu neno la Kiholanzi kasteel limezaliwa na mtoto wa neno lilo hilo, Mswahili anayesema kasri na Mbelgiji anayesema kasteel ni ndugu wa mbali wasiojuana.

Naanza na maneno kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipokwenda, wakati wa masomo yangu ya uzamili huko Ulaya, kuyazuru makasri yaliyouzunguka mji mkuu wa Ubelgiji. Makala haya hayakusudii kuwa mwongozo wa watalii. Makusudi yake ni kueleza habari ya mahali pamoja, Tervuren, na kuonyesha kwamba sisi tunaofundisha Kiswahili na isimu ya lugha za Kibantu tuna deni na mahali hapo, deni ambalo aghalabu hatulitaji madarasani.

Brussels imezungukwa na makasri kila upande. Kusini kuna Beersel, ngome ya matofali ya mwanzo wa karne ya 14, yenye minara mitatu na maji yaliyoizunguka pande zote. Mtu akiitazama kutoka ng'ambo ya maji hayo huelewa mara moja ngome ilikuwa kitu gani kabla haijawa pambo. Magharibi kuna Gaasbeek, iliyowahi kuwa mali ya Kaunti Egmont, yule aliyekatwa kichwa mjini Brussels mwaka 1568, na ambayo mmiliki wake wa mwisho aliitoa kwa taifa mwaka 1921. Groot-Bijgaarden watu huiendea maua ya majira ya kuchipua. Laeken, iliyojengwa kati ya 1782 na 1784, bado ni makao ya wafalme, na mgeni hawezi kuingia ila katika zile nyumba za vioo zilizojaa mitende na mimea ya nchi za joto, nazo hufunguliwa kwa wiki chache tu kila mwaka. Haya yote yanastahili kuonwa, lakini hayakunishika. Mtu aliyezaliwa Afrika ya Mashariki hutazama kuta nene na handaki la maji, akasifu, akaenda zake. Tervuren ni jambo jingine.

Tervuren iko upande wa mashariki, kilomita zisizozidi 15 kutoka katikati ya mji. Nilipanda tramu namba 44 kutoka Montgomery. Njia hiyo hufuata barabara pana iliyopandwa miti kandokando, kisha hukatiza pembezoni mwa msitu wa Soignes, na abiria hujiona ametoka mjini bila ya kuuona mwisho wa mji. Barabara hiyo haikujichora yenyewe. Ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1897, ili umati uweze kutoka uwanja wa maonyesho mjini mpaka bustani ya kifalme, kwenda kuiona Kongo. Kwa hiyo mtu anayekwenda Tervuren leo, hata akienda kulisha bata tu, huenda kwa njia iliyokatwa kwa ajili ya Kongo.

Sasa, kasri la Tervuren liko wapi? Hilo ndilo swali la kwanza la mgeni, na jibu lake ni kwamba halipo. Watawala wa Brabant walikuwa na kasri hapo, kando ya maji, na msitu wa kuwindia ukiwa mlangoni. Karibu na mahali pake limebaki kanisa dogo la Mtakatifu Hubert, lililojengwa mwaka 1617. Mtawala wa mwisho kulipenda kasri hilo alikuwa Charles wa Lorraine, aliyeitawala nchi kwa niaba ya Waaustria. Alifia hapo mwaka 1780, na mwaka uliofuata Mfalme Mkuu Joseph wa Pili akaamuru livunjwe. Yamebaki mabanda ya farasi yaliyojengwa kwa umbo la kwato. Baadaye, katika karne ya 19, ikajengwa nyumba nyingine ya kifahari ya Mwana wa Mfalme wa Orange, na humo akawekwa Charlotte, dada yake Mfalme Leopold wa Pili, mjane wa yule Maximilian aliyepigwa risasi huko Meksiko. Charlotte alikuwa amepotewa na akili. Mwaka 1879 nyumba hiyo ikateketea kwa moto, na mwenyewe akahamishiwa kasri la Bouchout lililoko Meise, kaskazini ya mji, ambako aliishi mpaka alipofariki mwaka 1927.

Msomaji aliyewahi kufika Unguja atakumbuka Maruhubi. Sultani Barghash alijenga kasri hilo nje ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1880, pamoja na mabwawa na miembe yake, na mwaka 1899 likaungua. Nguzo zake zimesimama hadi leo bila dari. Nilipokuwa nikizunguka maziwa ya Tervuren wazo la Maruhubi halikunitoka, kwa kuwa majumba mawili haya yalikuwa ya zama moja: yote yalikuwa nje ya mji mkuu, yote yalikuwa na bustani na maji, na yote yaliliwa na moto. Tofauti ni kwamba la Unguja liliachwa kuwa gofu, na la Tervuren likafuatiwa na jingine kubwa zaidi. Mtu aliyelelewa na Al-Inkishafi huyatarajia magofu. Amefundishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka na kujua la kuwaza. Tervuren haikupi gofu. Kila jiwe liko mahali pake, nyasi zimekatwa, maji yametulia. Hapa macho ya Mswahili hayana pa kuanzia.

Pesa za kujengea upya zilitoka wapi? Leopold alikuwa ndiye mwenye Dola Huru ya Kongo tangu 1885. Haikuwa koloni la Ubelgiji wakati ule. Ilikuwa milki yake mwenyewe mpaka taifa lilipoichukua mwaka 1908. Meno ya ndovu kwanza, kisha mpira, vilikusanywa kwa kuwalazimisha wanavijiji, kuwateka wake zao, kuwachapa na kuwakata mikono, mambo ambayo ripoti ya Roger Casement iliyachapisha mwaka 1904. Faida ikageuzwa majengo: Laeken ikapanuliwa, mjini likasimama tao la Cinquantenaire, na Tervuren, palipoungua nyumba ya dada yake, mfalme akajenga Jumba la Makoloni kwa ajili ya maonyesho ya 1897. Jengo kubwa la makumbusho lililo jirani nalo, kazi ya Mfaransa Charles Girault, lilifunguliwa mwaka 1910, miezi michache baada ya Leopold kufariki. Ukisimama kwenye ngazi zake ukatazama bustani iliyopangwa kwa kamba na maji yanayoishia kwenye miti, utakiri kwamba pana uzuri. Mimi nilikiri, wala sioni sababu ya kuuficha ukweli huo.

Hata hivyo ingekuwa ni udanganyifu mtu wa pwani kusimama hapo akajifanya mgeni wa habari hii. Leopold aliitisha mkutano wake wa wanajiografia katika ikulu ya Brussels mwezi wa Septemba 1876, na misafara iliyofuata haikuanzia mdomo wa mto Kongo. Ilianzia Unguja na Mrima. Wapagazi walikuwa watu wetu, lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili, na kituo cha kwanza cha jumuiya ya mfalme, Karema, kilianzishwa mwaka 1879 katika ufuko wa mashariki wa ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Stanley naye, kabla hajawa mtumishi wa Leopold, alikuwa ameondoka Bagamoyo mwaka 1874 na kufika Boma mwaka 1877 kwa miguu ya waungwana wa Unguja. Na sehemu moja ya safari hiyo alisindikizwa na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Leopold huko Stanley Falls. Pembe za Maniema zilizotajirisha Brussels zilikuwa zimetajirisha Unguja kwanza, na watumwa waliozibeba hawakuuliza kama anayewachapa anasali wapi. Nguzo za Maruhubi na ngazi za Tervuren zina jamaa mmoja katika nchi moja. Vita vya 1892 hadi 1894, vilivyowang'oa wafanyabiashara wa Kiswahili katika Kongo ya mashariki, vilikuwa vita kati ya waporaji wawili. Lakini mmoja wao tu ndiye aliyejenga makumbusho.

Makumbusho hayo, kwa miaka mingi, yaliisimulia habari hii kwa njia iliyowapendeza wenyewe: Mwarabu ndiye mtesaji, Mbelgiji ndiye mkombozi. Iko sanamu ya Charles Samuel ya mwaka 1897 iliyonichelewesha kuliko nyingine zote. Inamwonyesha mtu akimtetea mwanamke dhidi ya Mwarabu, na jina lake kwa Kifaransa humwita mtu huyo Vuakusu-Batetela. Mwanahistoria atatazama mjeledi na kilemba. Mwanaisimu atatazama jina. Katika neno moja lililounganishwa kwa kistari mna viambishi awali viwili vya ngeli moja: vua-, ambayo si kingine ila wa- ya Kiswahili iliyoandikwa kwa sikio la Mfaransa, na ba-, ambayo ndiyo ya lugha za huko bara. Wakusu na Batetela lugha zao zinakaribiana sana. Waliojiunga na misafara ya pwani na kushika Kiswahili ndio walioitwa Wakusu, na jina hilo likaja na kiambishi cha Kiswahili. Basi mchongaji alidhani anaonyesha mtu akimpinga Mwarabu, kumbe jina alilompa linasema kwamba nusu yake amekwisha kuwa mtu wa msafara. Sijui kama yupo aliyewahi kutoa shahada ya usuli kwa kistari kimoja, lakini kile kinastahili.

Mambo yamebadilika kiasi. Makumbusho yalifungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, yakafunguliwa tena Desemba 2018. Sanamu za dhahabu zilizomo ukumbini, zinazosema kwamba Ubelgiji iliiletea Kongo ustaarabu, hazikuweza kuondolewa kwa sababu jengo zima linalindwa na sheria. Baadaye wasanii wawili, Aimé Mpane wa Kongo na Jean Pierre Müller wa Ubelgiji, wakazitundikia vitambaa vyepesi vilivyochorwa, ili atazamaye aione sanamu nyuma ya picha inayoijibu. Mwaka 2022 bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Hayo ni mazuri, na wengine watayaandika. Mimi nataka kuingia katika vyumba ambavyo mtalii haingii.

Kwa muda mrefu wa karne ya 20, Tervuren ilikuwa miongoni mwa makao makuu ya isimu ya lugha za Kibantu duniani. A. E. Meeussen, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1978, alifanya kazi katika idara ya isimu ya makumbusho hayo. Jarida la Africana Linguistica lilianza kutolewa hapo mwaka 1962, na katika toleo lake la tatu, la mwaka 1967, Meeussen alichapisha uundaji upya wa sarufi ya Bantu-Asilia ambao mpaka sasa hatuna budi kuuanzia. Orodha yake ya mashina ya maneno ilifuata mwaka 1969. Kanuni ya toni inayoitwa kwa jina lake, ambayo kwayo toni ya juu inayofuata nyingine ya juu hushushwa, tunaifundisha kila mwaka. Na ile Kanda J, ambayo Guthrie hakuwa nayo, ilitoka kwa Meeussen. Hapa Kenya tunaitumia bila kufikiri: tunasema Kiluhya, Ekegusii na Kikuria ni lugha za Kanda J, kwa namna tusemavyo kwamba Kisumu iko kando ya ziwa. Mimi mwenyewe nilisoma vitabu hivyo nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwenye jalada mlikuwa na neno Tervuren, nami nililidhania kuwa jina la kampuni ya uchapishaji.

Si nia yangu kusema kwamba kazi ya Meeussen imechafuka kwa sababu ya kuta zilizoihifadhi. Ushahidi wa toni haujali nani aliyelipa mshahara. Lakini ukweli ni kwamba wanaisimu wa Tervuren waliweza kulinganisha mamia ya lugha kwa kuwa dola iliyowatuma wamisionari na maofisa kila pembe ya Kongo ilikusanya pia orodha za maneno, na orodha hizo zilikuja kulala mahali pamoja, karibu na meno ya ndovu. Mkusanyo ule ulikuwa tawi la mkusanyo huu. Mwanafunzi wetu anastahili kuambiwa hivyo siku ile ile anapofundishwa maana ya kinyota kilichotangulia shina.

Jambo hili linaonekana hata Meise, katika kasri la Bouchout alimofia Charlotte. Bustani ya kasri hilo, yenye eneo la hekta 92, taifa liliinunua mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuigeuza kuwa bustani ya elimu ya mimea. Imehifadhi mamilioni ya mimea iliyokaushwa, na sehemu kubwa ni ya Afrika ya kati. Mtaalamu wa mimea huitazama kwa ajili ya majani. Lakini wakusanyaji wengi wa Kongo walikuwa na desturi ya kuandika kwenye kibandiko, chini ya jina la Kilatini, jina la mmea katika lugha ya mahali ulipochumwa. Kwa hiyo hapo pana kamusi ambayo haijawahi kupangwa, iliyobanwa kwenye karatasi moja moja pamoja na ua lililonyauka. Nashangaa kwamba idara zetu za lugha hazijampeleka mtu akae nayo hata mwaka mmoja.

Hazina iliyo karibu zaidi na sisi ni nyaraka. Katika hifadhi za Ubelgiji, Tervuren ikiwa mojawapo, zimo barua, mikataba na hati nyingine za miaka ya 1880 na 1890 zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na wafanyabiashara, makarani na machifu wa Kongo ya mashariki. Baadhi ni za Kiarabu, baadhi ni za Kiswahili, na nyingine zinachanganya. Xavier Luffin, wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, amezishughulikia kwa miaka mingi na kuzitolea kitabu mwaka 2020. Tumezoea kufundisha historia ya maandishi ya Kiswahili kwa kufuata mwambao: Pate, Lamu, Mombasa, kisha Unguja. Nyaraka hizi zinatulazimisha kuichora upya ramani hiyo. Zinaonyesha Kiswahili kikiandikwa mamia ya maili kutoka bahari, si kwa ajili ya utenzi wala mawaidha, bali kwa mambo ya siku: ahadi, madai, salamu, ruhusa ya kupita.

Tahajia yake ina mafunzo mengi. Alifu ya Kiarabu, kama ijulikanavyo, haina herufi za p, v, ch wala g ya Kiswahili, na haina njia ya kuonyesha nazali iliyoungana na konsonanti. Mshairi wa Lamu alikuwa na mapokeo ya kumsaidia, na pia mizani na vina vilivyomwongoza msomaji. Karani wa Maniema hakuwa na kimojawapo. Mbele yake palikuwa na majina ya watu, mito na vijiji vya lugha ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa, naye alipaswa kuamua, hapo hapo, kama be itasomwa b, p au mb, na kama ghaini itasomwa gh, g au ng. Uamuzi wa karani mmoja haukuwa wa mwenziwe. Wengine watauita upungufu huo. Mimi nauona kuwa ni ushahidi mzuri kuliko maandishi yaliyosanifiwa, kwa sababu mahali mwandishi anaposita ndipo matamshi yake yanapojitokeza. Historia ya Kiswahili cha Kongo, ambayo mara nyingi huanzishwa katika migodi ya Katanga kana kwamba kabla ya hapo palikuwa kimya, inaanzia kwenye karatasi hizo.

Siku niliyozuru makumbusho mbingu ilikuwa na mawingu. Nalitaja hilo kwa sababu maalumu. Ukutani mwa ukumbi mmoja yamechongwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908, Waafrika hawamo. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa ameandika kwenye vioo vya madirisha yanayokabili ukuta huo majina ya Wakongo saba waliofia Tervuren, ili jua likipenya, kivuli cha majina hayo kiangukie juu ya majina ya Wabelgiji. Bila jua hakuna kivuli. Nikangoja, nikatazama saa yangu, nikangoja tena, kisha nikaamua kuwafuata wenyewe.

Mwaka 1897 watu 267 waliletwa kutoka Kongo kwa ajili ya maonyesho. Walijengewa vijiji vya nyasi kando ya maziwa, ndani ya bustani ile ile ya watawala wa Brabant, na wakatakiwa kupiga makasia, kupika na kucheza ngoma mchana kutwa huku wametenganishwa na watazamaji kwa ua. Zaidi ya watu milioni moja walikuja kuwatazama. Waliwatupia vyakula, mpaka ukawekwa ubao wa kukataza. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa ya mvua na baridi, na saba kati yao wakafa kwa maradhi ya kifua. Walizikwa kwanza katika ardhi isiyobarikiwa. Baadaye mabaki yao yakahamishiwa kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjilisti, katikati ya mji mdogo wa Tervuren, mwendo mfupi kutoka langoni mwa bustani. Makaburi yamepangwa safu moja chini ya ukuta wa kanisa.

Nilimkuta hapo mzee mmoja aliyevaa koti zito. Aliposikia salamu yangu akageuka.

"Jambo yenu," akasema. "Mwana, unisomee majina. Macho yangu inachoka. Batu saba beko hapa."

Alikuwa mtu wa Lubumbashi. Nakiri kwamba, kabla sijamwitikia, akili yangu ilikwisha kukimbilia kile kiambishi: batu, beko. Sisi wa pwani na wa shuleni tunasema watu, wako. Mwanafunzi wangu angeweza kusema kwamba mzee yule amehifadhi *ba- ya Bantu-Asilia aliyoiandika Meeussen, na angekosea. Ba- ya Lubumbashi imeingia Kiswahili kwa kukaa pamoja na Kiluba na Kibemba, lugha ambazo ndizo zilizoihifadhi. Lakini iko hai. Mita mia kadhaa kutoka pale, ilikuwa imeandikwa vitabuni ikiwa na kinyota mbele yake, alama ya kitu kisichoshuhudiwa. Hapa kaburini mtu alikuwa akiitumia kuwahesabia wafu.

"Naam, mzee," nikasema, nikaanza kusoma. "Ekia. Gemba. Kitukwa. Mpeia. Zao."

"Zao ni jina gani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba sikio la Kizungu aghalabu huimeza nazali ya mwanzo wa neno, kwamba hata Gemba huenda alikuwa Ngemba, na kwamba baadhi ya watu walioletwa 1897 walitoka Mayombe, kwenye Kikongo. Kama mwandikaji alimeza nazali, basi yamkini Zao ni Nzau. Na nzau kwa Kikongo ni ndovu. Ni shina lile lile la ndovu ya Kiswahili, njogu ya Kikuyu na enjovu ya Kiganda.

"Sisi tunasema tembo," akasema mzee. Akanyamaza kidogo, akitazama jiwe. "Tembo. Beko wangapi sasa?"

"Umebaki na wawili, mzee."

"Soma."

"Samba," nikasoma. "Mibange."